Umri wa Mvule wa Amagoro

Msafiri atokaye Bungoma kwenda Uganda hufika Amagoro kabla ya kuingia Malaba mpakani. Upande wa kaskazini huuona Mlima Elgon, na mbele yake mwamba wa Tororo, ulio ng'ambo ya mpaka. Katika mashamba ya mihogo na wimbi husimama mivule, mmoja hapa na mwingine kule, iliyohifadhiwa kwa kivuli na mbao. Mvule uangushwapo, watu hulizunguka gogo wakaulizana: Je, mti huu ulikuwa na miaka mingapi?

Katika misitu ya nchi za kaskazini, kama Finland na Siberia, jibu ni jepesi. Huko baridi kali husimamisha ukuaji wa miti kila mwaka. Majira ya joto yaanzapo, mti hujiongezea tabaka jeupe na laini. Yakikaribia kwisha, hujiongezea tabaka jeusi na gumu. Hivyo kila mwaka huacha pete moja: pana kwa mwaka mwema, nyembamba kwa mwaka wa dhiki. Wataalamu hawana haja ya kuukata mti. Huutoboa kwa keekee yenye uwazi ndani, wakatoa kijiti chembamba kama kalamu, wakahesabu. Kwa elimu hiyo Bwana A. E. Douglass wa Marekani aliweza, mwaka 1929, kutaja miaka ambayo magogo ya nyumba za kale za wenyeji wa Arizona yalikatwa.

Lakini Amagoro hakuna theluji. Mvua kubwa huanza Machi, na nyingine hufuata baada ya Agosti. Basi mti waweza kufanya pete mbili kwa mwaka mmoja, au pete isiyoonekana vema, na ahesabuye aweza kudanganyika.

Jambo hili si dogo. Mnunuzi wa mbao ajapo na fedha mkononi, mkulima asiyejua mti wake wanenepa kiasi gani kwa mwaka hawezi kujua kama kungoja miaka 5 ni faida au hasara. Na mvule ukikatwa leo, mche utakaoshika mahali pake huenda ukawafaa wajukuu tu.

Dawa yake ni daftari. Apandaye mti na aandike tarehe. Kila Januari, wakati wa kiangazi, aupime mzunguko wa shina kwa utepe wa fundi cherehani, mita 1.3 kutoka ardhini, mahali pale pale palipotiwa alama ya rangi, kisha aandike. Mti wa kaskazini hujiandikia habari zake. Wa Amagoro hauna budi kuandikiwa na mwenyewe.