Bweha wa Quionga na Mbwa wa Mjomba

Huko Quionga, mahali ambapo sisi wa upande wa Mtwara huandika Kionga, bweha husikika kabla hajaonekana. Mlio wake haufanani na kubweka kwa mbwa. Ni mfupi, wa kujirudia, na mgeni huweza kudhani kuwa ni bundi. Huyu ni bweha-miraba, mwenye mstari mweupe ubavuni na ncha nyeupe mkiani. (Wanafunzi huniuliza: bweha au mbweha? Yote mawili hutumika. Kilicho muhimu zaidi ni upatanisho: bweha wawili wamepita, kamwe si bweha mbili zimepita.)

Ndugu wa mama yangu wanaishi huko, na kila likizo ya Desemba huvuka Ruvuma pale Kilambo kwenda kuwasalimu. Wajerumani waliitwaa pembe hii mwaka 1894, Wareno wakaichukua mwaka 1916, na mto ukawa mpaka hadi mdomoni mwake. Bweha hawakushauriwa.

Mjomba anafuga mbwa, jambo linalowashangaza wanaojua kwamba kijiji chetu ni cha Waislamu. Mbwa huyo haingii nyumbani. Kazi yake ni kulinda mihogo dhidi ya nguruwe mwitu na nyani, na kwa kazi hiyo hakuna anayemlaumu mwenye shamba. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, humfunga kamba shingoni nikatembea naye kati ya mikorosho.

Siku moja alisimama ghafla, manyoya ya mgongo yakamwinuka. Mbele yetu, chini ya mwembe, bweha alikuwa akila maembe yaliyoanguka. Alituona, akaacha tunda, lakini hakukimbia. Alianza kutembea sambamba nasi, umbali wa hatua thelathini hivi, tukisimama anasimama, tukienda anakwenda. Wa pili alibaki karibu na kichuguu, kichwa kimeinama. Nilielewa kwamba kwenye kichuguu kile huenda kulikuwa na watoto. Bweha-miraba huishi wawili wawili na hupenda kuzalia katika mashimo ya namna hiyo. Niliivuta kamba, tukageukia njia ya pwani. Yule msindikizaji alitufuata mpaka mwisho wa mikorosho, akakaa kitako, akatutazama tukiondoka.

Niliposimulia hayo barazani, mzee jirani aliuliza, "Kichuguu kipi, mwalimu?" Sikupenda namna alivyouliza. Kuku wake wawili walikuwa wamepotea, naye alikwisha kupata sumu ya kutia kwenye nyama. Tena alikuwa na hoja nzito kuliko kuku: bweha huleta kichaa cha mbwa.

Hoja hiyo haikustahili kupuuzwa. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huo Lindi na Mtwara, ng'ambo tu ya mto, waligundua kwamba karibu wanyama wanne katika kila kumi waliougua walikuwa bweha. Hata hivyo, utafiti uleule ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa walipochanjwa, ugonjwa ulipungua hata kwa bweha ambao hakuna aliyewagusa. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa kampeni za kurudia mpaka kichaa kikatoweka. Nilimweleza mzee kwa heshima: "Shikamoo yako naijua, babu, lakini sumu haichagui. Italiwa na mbwa wa mjomba, na kuku wako waliobaki wataidonoa. Na bweha hawa wakifa, wengine watakuja kulichukua eneo lao." Niliongeza kwamba bweha anayekaa mbali na mtu ndiye mzima, wa kuogopwa ni yule anayeingia uani mchana bila hofu. Akiuma, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Mjomba, aliyekuwa kimya, ndipo aliposema kwamba mbwa wake hajawahi kuchanjwa. Machi 2021, watu wengi wa wilaya ya Palma walipokimbia mashambulizi, mbwa waliachwa wajitafutie. Waliorudi waliwakuta wengine wamezaana porini. Tangu hapo hakuna aliyewahesabu.

"Basi wahesabiwe," mzee alisema, kwa sauti ya mtu asiyependa kushindwa. "Wangapi wanatosha?"

Nilimwambia kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri angalau saba katika kila kumi. Nilichana ukurasa wa daftari. Tulipita nyumba kwa nyumba hadi adhuhuri tukapata mbwa kumi na mmoja wenye wenyewe, orodha ambayo mjomba angeipeleka kwenye ofisi ya mifugo Palma siku ya soko. Katika nyumba mbili tulifukuzwa. Mzee alitaka mbwa wake aandikwe wa kwanza, na kwa kuwa hakuwa na jina, tulisimama mlangoni pake kwa muda mrefu akilitafuta. Kuhusu kichuguu hakuniuliza tena, nami sikumwonyesha.