Jicho Lililochelewa

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Msomaji mpenzi, mimi nilikuwa na macho mawili mazima, na bado sikuona.

Kwetu ni Mbita, Homa Bay, ingawa nasomea huku Migori. Usiku wa giza wavuvi wa omena huwasha taa, ziwa likageuka kama mji. Baba mdogo alinipa kazi ya kukaa ufuoni. Akimulika tochi mara mbili, nilete mabeseni. Akimulika mara tatu, kuna shida, niite watu.

Usiku mmoja alimulika tatu, tena haraka haraka, kisha betri zikafa. Mimi nilikuwa nasinzia, nikahesabu mbili. Nikapanga mabeseni yangu, nikangoja. Kumbe injini ilikuwa imezima na upepo unaisukuma mashua mbali! Wenzake walimpata alfajiri akitetemeka kwa baridi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, uliona ngapi?" Nikakosa la kusema.

Nilimkumbuka darasani mwalimu wa fizikia alipotueleza habari za nyaya za nyuzi za kioo, kama SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009. Humo habari huenda kwa mwanga unaowaka na kufifia, kasi yake karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Lakini mwanga ukifika, lazima uwe na wa kuupokea. Mpokeaji huyo ni fotodayodi, kijidude kinachogeuza mwanga kuwa umeme.

Hapo ndipo penye kazi. Tabaka la kunasa mwanga likiwa nene, elektroni huchelewa kutoka, na alama mbili huonekana moja. Likiwa jembamba mno, mwanga mwingi hupita bila kunaswa. Wataalamu wamehangaika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani walitangaza fotodayodi ya jerimaniamu inayoweza kufuata mwanga unaobadilika mara bilioni 265 kwa sekunde. Mimi tatu zilinishinda!

Ndugu zangu, sisi husifu taa tu, tukamsahau anayeipokea. Tochi ya baba mdogo haikuwa na kosa.

Likizo ijayo narudi ufuoni. Yeye amekubali kumulika polepole, nami nimeapa kutosinzia.