Mpaka Tarehe 10

Mama mkubwa alisoma orodha kwa kidole, jina baada ya jina, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akaniuliza: "Mtoto wangu, baba yako mkubwa yuko wapi?"

Ilikuwa orodha ya waliouawa katika vita vya siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani, kuanzia Jumatatu tarehe 5 mpaka Jumamosi tarehe 10 Juni 2000. Niliinakili kutoka daftari la mtaa wetu, nikaiingiza katika hifadhidata huku nikijifunza Python. Baba mkubwa aliuawa Jumamosi hiyo, mchana. Jina lake niliandika mwenyewe, pamoja na saa.

Kosa la kwanza nilikuwa nimekwisha kulirekebisha. Kwetu tunaandika siku mbele: 10/6/2000. Kompyuta ilizipanga tarehe hizo kama maneno ya kamusi, 10/6 ikatangulia 5/6 kwa kuwa 1 hutangulia 5. Nikageuza, mwaka mbele: 2000-06-10.

Kosa la pili lilikuwa la lugha. Niliomba majina yaliyo kati ya 2000-06-05 na 2000-06-10. Kwangu, "mpaka tarehe 10" ni siku nzima. Kwa kompyuta, tarehe isiyo na saa inaishia pale siku inapoanza. Waliokufa Jumamosi bila kuandikiwa saa walitokea. Wenye saa waliachwa. Yaani, walioandikwa vizuri zaidi ndio waliopotea.

Neno letu "mpaka" ni pia alama kati ya shamba na shamba, na majirani hugombana kwa sababu halisemi mstari wenyewe ni wa nani. Nikaandika upya: kuanzia 2000-06-05, na kabla ya 2000-06-11. "Kabla ya" haina ugomvi.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamuru Uganda ilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Tangu hapo, orodha katika mji huu si karatasi ya kumbukumbu tu.

Mama mkubwa aliliona jina, akaliwekea kidole, akanyamaza. Kisha: "Na wale wengine uliowaacha, watu wao umewaambia?"

Nakala mbili za kwanza nilikuwa nimekwisha kuzigawa. Jioni ile nilivuka daraja la Tshopo kwenda kuzichukua.