Mkate usiongoja kuumuka: safari yetu ya Mbale



Juma hili tunawaletea habari za safari. Kikundi chetu kilitutuma sisi watatu, walimu wawili na mama mmoja muuza mandazi, twende Mbale, mashariki ya Uganda. Tulitumwa kuona kahawa. Huko kuna kikundi cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 2004, ambamo Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanauza kahawa yao pamoja. Jina lake kwa Kiganda ni Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Habari za kahawa mtazisikia kwenye mkutano. Leo tunataka kuwaeleza habari ya mkate, kwa sababu mkate huo ndio uliorudi nasi moyoni.

Tulitoka Butembo alfajiri, tukapita Beni, tukashika barabara ya Kasindi ambayo sote tunaijua kwa hofu yake. Mwenzetu muuza mandazi hakusema neno tangu Beni hadi mpakani. Alikimbia kutoka upande ule na watoto wake, na hatukumuuliza kitu. Tukavuka, tukapanda basi la Kampala, tukalala, na kesho yake tukaendelea.

Kule Jinja basi lilipita juu ya daraja la mto Nili. Tukawaonyesha abiria wenzetu ujinga wetu: tulisimama wote watatu kuchungulia. Maji yale yanatoka ziwa Victoria, yanapita Uganda na Sudani, yanafika mpaka Misri. Mwalimu mwenzetu akasema, "Huu ndio mto wa Musa." Tulicheka, lakini siku mbili baadaye tulikumbuka neno lile.

Mbale ni mji ulio chini ya mlima Elgon. Ukitazama juu unaona ukuta mrefu wa mawe, na katika majira ya mvua maji yanaanguka kutoka juu kama nyuzi nyeupe. Kilima cha Nabugoye kiko nje kidogo ya mji. Njia ni ya udongo mwekundu, migomba huku na huku, mibuni chini yake, mbuzi, watoto wa shule. Ungesema uko kwetu Lubero. Juu ya kilima kuna sinagogi, na watu wake wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi.

Wengi wetu tulidhani Wayahudi wote wametoka mbali. Hawa ni watu wa hapohapo. Mkubwa wao wa kwanza alikuwa Semei Kakungulu, chifu na mkuu wa vita aliyewahi kuwatumikia Waingereza. Alisoma Agano la Kale kwa makini, na mwaka 1919 akaamua kushika Torati pamoja na watu wake. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisoma Marekani na akawekwa kuwa rabi mwaka 2008. Wanalima, wanafuga kuku, wanapeleka watoto shule, kama sisi.

Tulifika siku chache kabla ya Pasaka yao. Mama aliyetupokea alikuwa ametoa vyombo vyote nje. Makabati yalikuwa wazi, watoto walikuwa wanafagia pembe za nyumba kwa manyoya ya kuku. Tukafikiri kuna msiba au harusi. Akatuambia kwa Kiswahili alichojifunza sokoni, "Hapana, wageni wangu. Tunatafuta chachu." Mkate, mandazi, keki, kila kitu cha ngano kilichoumuka, hata chembe zake, kinatoka nyumbani kabla ya Pasaka. Huko kwao sikukuu ni siku 8, na siku zote hizo wanakula mkate usio na chachu, unaoitwa matza.

Sababu mnaijua kutoka kitabu cha Kutoka. Wana wa Israeli walipotoka Misri walifukuzwa kwa haraka, wakabeba unga uliokandwa kabla haujaumuka. Wakauoka hivyohivyo. Mkate wa matza ni mkate wa mtu aliyekimbia.

Kesho yake tuliomba kusaidia kuoka. Furu lilikuwa la matofali, limewashwa kuni tangu asubuhi mpaka ndani palikuwa peupe kwa moto. Maji yalikuwa yamechotwa jioni iliyopita, yakalala usiku kucha ndani ya ndoo iliyofunikwa, ili yawe baridi. Unga ni wa ngano tu. Tukauliza kama unga wa mahindi au wa muhogo, ule wa bukari yetu, unaweza kufaa. Hapana. Matza hutoka katika nafaka tano tu: ngano, shayiri na nyingine tatu za jamaa hiyo. Hizo ndizo ambazo kwa sheria yao zinaweza kuumuka, na kitu kisichoweza kuumuka hakiwezi kuitwa mkate uliozuiwa kuumuka. Sisi walimu tulipenda jibu hilo.

Halafu akaweka telefone yake juu ya meza. "Tangu maji yanapogusa unga," akasema, "tuna dakika 18. Zikipita, huo si matza tena." Hamna chumvi, hamna sukari, hamna mafuta. Mmoja anamimina maji, mwingine anakanda, wawili wanasukuma, mwingine anatoboa kwa uma ili mkate usivimbe, mwingine anatupa ndani ya furu. Mkate unaiva kwa dakika mbili au tatu. Hakuna anayesimama bure. Mikono isipofanya kazi, unga unaanza kufanya kazi yake.

Mwenzetu muuza mandazi ndiye mwenye mikono hodari kuliko sisi sote. Alikanda vizuri, donge likawa laini. Halafu, bila kufikiri, akatwaa kitambaa safi akalifunika.

"Hapana, mama!" mwenyeji akapiga kelele. "Usifunike! Mkate huu haupumziki."

Watu wakacheka. Mwenzetu hakucheka. Alibaki ameshika kitambaa mkononi, na dakika zikapita. Donge lile likapoteza muda, likatolewa nje wakapewa kuku. Mwenyeji hakumkaripia. Alimsogezea kiti.

Ndipo mwenzetu akasema jambo ambalo sisi, majirani zake wa miaka mingi, hatukuwahi kulisikia. Usiku ule waliposhambuliwa kijijini kwao, alikuwa amekanda beseni la unga wa mandazi ya kesho. Alikuwa amelifunika kwa kitambaa ili liumuke. Alitoka na watoto mgongoni na mkononi, akaliacha pale. "Kila nikifunika unga," akasema, "nauona ule." Mtoto wake mdogo, aliyekuwa mgongoni, sasa ana miaka 8. Huuliza, "Mama, kwetu ni wapi? Tulitoka kwa nini?" Na yeye humjibu kila mara, "Nyamaza, kula."

Mwenyeji wetu akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Kwetu mtoto asipouliza, Pasaka haianzi. Bakini muone."

Tukabaki. Jioni ya Pasaka tuliketi na jamaa nzima. Mezani palikuwa na matza tatu chini ya kitambaa, mboga chungu, maji ya chumvi yanayokumbusha machozi, na chakula kitamu cha matunda kilichopondwa, kinachokumbusha udongo wa matofali ambayo babu zao walifyatua Misri. Baba wa nyumba akavunja matza ya katikati, akaficha kipande kikubwa. Mlo haumaliziki mpaka kipande hicho kipatikane na kuliwa, kwa hiyo watoto hawasinzii. Kisha mtoto mdogo kuliko wote akasimama na kuuliza: kwa nini usiku huu ni tofauti, kwa nini mkate huu mgumu, kwa nini mboga hizi chungu. Na wakubwa wakamjibu. Hawakumwambia anyamaze. Walimweleza utumwa, kilio, mto na njia ya kutoka, na kati ya maneno walimpa kitu cha kuonja: kichungu, kitamu, cha chumvi. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tuliandika madaftari mengi juu ya kufundisha kwa vitu vya kushika. Hatukuwahi kuona somo lililotayarishwa vizuri namna ile.

Mama mzee wa nyumba naye akaongeza habari yake. Wakati wa Idi Amin dini yao ilikatazwa. Wengi waliiacha kwa hofu, waliobaki waliomba kwa siri. Tarehe 11 mwezi wa nne 1979, Kampala ilitwaliwa na askari wa Tanzania pamoja na Wauganda waliokuwa uhamishoni, na Amin akakimbia. Jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ilikuwa inaingia. "Mwaka ule," mama mzee akasema, "hatukuhitaji kumweleza mtoto sana. Aliona mwenyewe." Tukakumbuka maji ya Nili pale Jinja, yanayokwenda Misri.

Kesho yake tulikula matza kwa namna nyingi, maana wamama wa siku 8 hawakosi akili. Walitwanga matza ndani ya kinu mpaka ikawa unga, wakachanganya na mayai na mafuta, wakafinyanga madonge madogo, wakayapika ndani ya mchuzi wa kuku. Nyingine waliivunja vipande, wakailowesha, wakaikaanga na mayai na kitunguu. Na matoke yalikuwapo mezani pia, kwa sababu ndizi haina chachu.

Dada wapendwa, hatuwaandikii ili tuige sikukuu ya wenyewe. Kila nyumba ina dini yake. Lakini mkate mkavu usiotaka hamira wala mafuta ni kitu cha kujua, hasa bei ya hamira inapopanda. Huu hapa, kwa chakula cha kila siku; hautafaa kwa Pasaka ya Wayahudi, maana hiyo ina sheria zake zote.

Twaa glasi 3 za unga wa ngano na glasi 1 ya maji baridi. Kanda upesi. Gawanya madonge kama yai la kuku, usukume kwa chupa mpaka yawe membamba sana, utoboe kwa uma pande zote. Weka kikaango kikavu juu ya makala makali, bila mafuta. Geuza kila upande mpaka madoa ya kahawia yatokee na mkate ukauke. Ukipoa utavunjika kama biskuti, na unakaa siku nyingi katika chombo kilichofungwa vizuri.

Kwa madonge ya mchuzi: nusu glasi ya mkate huo uliotwangwa, mayai 2, vijiko vikubwa 2 vya mafuta, vijiko vikubwa 2 vya mchuzi, na chumvi. Acha nusu saa, finyanga kwa mikono yenye maji, pika ndani ya mchuzi unaochemka polepole, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa nusu saa.

Tuliporudi Butembo, mwenzetu alifanya mkate huo jikoni kwake siku ya Mungu mchana. Tulikuwapo. Mtoto wake akauma, akakunja uso, akauliza, "Mama, mbona mkate huu ni mgumu? Haukuumuka?"

Tukamtazama mama. Alitaka kusema "kula". Tuliona neno lile likifika mdomoni. Halafu akavuta kibao, akamketisha mtoto karibu na makala, akasema, "Haukuumuka kwa sababu wenyewe walikimbia. Na sisi vilevile tulikimbia. Nitakueleza."

Alieleza kidogo tu, kwa kipimo cha mtoto wa miaka 8: kijiji, mto uliokuwa nyuma ya nyumba, jina la babu yake, usiku, beseni la unga. Mtoto aliuliza kama lile beseni bado liko kule. Mama akasema hajui. Halafu mtoto akaomba kipande kingine.

Wengi wetu katika vikundi hivi tumeacha mabeseni nyuma. Watoto wetu wanajua kuna kitu, wanasikia tunavyoshusha sauti. Wakiuliza juma hili, tusiwaambie wanyamaze. Tuwape kitu cha kula, tuketi nao, tuwaeleze kwa kipimo chao. Na wewe ambaye bado huwezi, njoo kwenye kikundi siku ya nne. Mwenzetu amesema ataleta mkate, na atakaa karibu nawe.

Mbaki na amani.