Dogo Hasomi? Mpe Kwanza Kitabu Chenye Maiti!

Kila mtu siku hizi analalamika kwamba madogo hawasomi. Lakini ukiuliza wamepewa nini cha kusoma, jibu ni notsi na maswali ya mitihani iliyopita. Nani atakesha na hivyo?

Kuna dada mmoja wa Masama, anafanya kazi saluni Moshi mjini. Mdogo wake yuko kidato cha pili, na akifeli mtihani wa taifa anarudia darasa. Shida ni kwamba dogo akisoma kwa sauti anakwama kila mstari. Mama yao alishasema: akifeli, hakuna kurudia, aende kwa mjomba Bomang'ombe akajifunze ufundi wa magari.

Dada hakubishana. Wikiendi moja akapanda Hiace mpaka Kwa Sadala, akachukua boda kupandisha nyumbani. Mkobani ana kitabu kimoja cha mtumba, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Tajiri wa Unguja anakutwa ameuawa mzimuni, kila mtu kachanganyikiwa, halafu anaingia Bwana Msa na kiko chake. Dada akasoma kurasa chache kwa sauti, akakatisha penye utamu, akaenda kulala. Hakuuliza fundisho ni nini.

Asubuhi kitabu hakikuwepo mezani. Kilikuwa kihambani chini ya mgomba, pamoja na dogo, na ng'ombe hawajakatiwa majani. Mama akawaka: "Hizo hadithi zinatoka kwenye mtihani?"

Kweli, hazitoki. Ila mtihani nao unasomwa, na anayekwama kila mstari atakosa hata kile anachokijua.

Baada ya hapo vitabu vikafuatana. Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya 1929 ya kitabu cha Robert Louis Stevenson: mvulana, ramani na maharamia. Stevenson alianza kukiandika 1881 akimfurahisha mtoto wake wa kambo wa miaka 13, kwa hiyo umri unaruhusu kabisa. Kisha Adili na Nduguze cha Shaaban Robert: liwali anayesifika kwa wema, lakini kila usiku anawachapa viboko manyani wawili. Kwa nini? Soma ujue. Kiswahili chake kizito kidogo, bora msome wawili.

Wakubwa nao wana vyao. Kuna Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi vya Elvis Musiba, vya jasusi Willy Gamba, halafu kuna Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ni risasi na mbio mwanzo mwisho, ila mambo ya chumbani yamo, ndiyo maana dada kaviweka juu ya kabati. Dogo anajua vilipo, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Mtihani bado haujafika, na hesabu za dogo bado ni majanga. Ila jioni, mama akimenya ndizi za mtori, dogo anamsomea ile ya Bwana Msa upya, na kukwama kumepungua. Juzi alifunga kitabu katikati, akatoka kwenda kufunga mbuzi. Mama akamwita kwa sauti mpaka jirani akasikia: "We! Unaenda wapi na hujasema nani aliyeua?"