Wimbi Limehama

Tulitoka kwenye hori la Mtwapa alfajiri, mwezi wa Septemba, pepo za kusi zikiwa zimelegea. Kwa miaka mingi nimefunga redio, taa na vipima kina kwenye boti za watu, lakini kazi yangu imekuwa ikiishia gatini. Nalipwa, nashuka, chombo kinaondoka. Sikuwa nimewahi kuvuka mwamba. Safari hii nahodha alikataa kuniacha. "Umeifunga wewe, fundi," alisema. "Twende nayo mpaka Shimoni. Ikigoma, uwepo."

Ni mzee wa Wasini, na boti ni yake: faiba ya futi 28, injini moja ya dizeli, mabaharia wawili tu, yeye na mjukuu wake. Bega lake la kulia limechoka. Wakirambaza, samaki akishika, mmoja lazima abaki kwenye usukani, na mwingine apambane peke yake na samaki anayeweza kumshinda nguvu. Ndiyo sababu alinunua otopailoti, mtambo wa kushika usukani bila mkono wa mtu. Hakutaka starehe. Alitaka mkono wa tatu.

Kuifunga kulinichukua siku mbili. Pampu ndogo ya umeme niliiunga kwenye mipira ya mafuta ya usukani, kompyuta nikaiweka pakavu, na dira ya elektroniki nikaibana chini ya benchi ya kibandani, karibu na katikati ya chombo ambako mtikisiko ni mdogo, mbali na injini, spika na nyaya nene. Dira hiyo ndiyo roho ya mtambo wote. Haioni pwani wala mwamba. Inasikia usumaku wa dunia tu, na chochote kinachouvuruga usumaku huo kinaidanganya.

Jaribio la kwanza horini lilinitoa jasho. Boti ilikwenda kama nyoka, kushoto, kulia, kushoto tena. Hewa ilikuwa imebaki kwenye mipira. Mafuta hayabonyei, hewa hubonyea. Kwa hiyo kompyuta ikitoa amri, usukani unachelewa, kompyuta inaongeza amri, kisha usukani unapita kiasi. Tukauzungusha usukani mwisho hadi mwisho, mara nyingi, tukiongeza mafuta mpaka mapovu yakaisha. Nikabadilisha pia nyaya za pampu, maana zile za kwanza zilikuwa nyembamba na volti zilianguka kila pampu ilipovuta. Baada ya hapo tukazunguka taratibu, duara baada ya duara, ili dira ijifunze chuma kilichomo chomboni na kukitoa kwenye hesabu zake. Ikakubali.

Nje ya mwamba nahodha alibonyeza kitufe tukiwa kwenye nyuzi 205. Usukani wenyewe haukucheza hata kidogo. Pampu tu ndiyo iliyosikika ikiguna chini ya sakafu. Mzee aliutazama ule usukani uliotulia kwa muda mrefu, mikono imening'inia, kama mtu aliyepokonywa mtoto.

Nilimweleza jambo ambalo hunigusa kila ninapolikumbuka. Mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, aliandika hesabu za chombo kujiongoza, na alianza kwa kuwatazama mabaharia walioshika usukani. Aliona kwamba hawaangalii tu chombo kimepotoka kiasi gani. Wanaangalia pia kinapotoka kwa kasi gani, na kwa muda gani kimekuwa kikivutwa upande mmoja. Mwaka uliofuata mtambo wake ulijaribiwa kwenye manowari USS New Mexico, na mambo hayo matatu bado yamo ndani ya otopailoti za leo. "Kwa hiyo walitazama watu kama sisi," mzee akasema. Ndiyo, Ami. Watu kama nyinyi.

Tukaupita mlango wa Kilindini. Bahari ikainuka, omo ikawa inachota maji. Kijana akahamisha nanga na mnyororo wake kwenda nyuma ili kuipunguzia omo uzito. Ilikuwa akili nzuri ya kibaharia, na mimi sikuiangalia mara mbili.

Mkabala na Diani mzee alikuwa amejilaza juu ya nyavu, macho ameyafumba.

"Fundi. Wimbi limehama."

Nikatazama skrini. 205, sawasawa.

"Lilikuwa lapiga bega la omo," alisema bila kufumbua macho. "Sasa lapiga ubavu."

Nikaiendea dira ya maji iliyokuwa mbele ya usukani. Ilisoma karibu 230. Upande wa kulia, weupe wa mawimbi yaliyokuwa yakivunjika mwambani ulikuwa umesogea karibu kuliko nilivyotaka kuuona. Mzee alikuwa ameshasimama. Akazima mtambo, akaurudisha mwenyewe ule usukani mpaka 205 ya dira ya maji.

Nilikagua betri: volti 13. Fyuzi nzima, mafuta hayana povu. Nikapiga magoti kufungua benchi, na ndipo nikauona mnyororo, umerundikwa upande wa pili wa ubao, unene wa kidole kutoka kwenye dira. Nikaanza kuuvuta. Namba zikakimbia kwenye skrini, 181, 190, 198, mnyororo ukiwa bado mikononi mwangu. Ulipofika omoni, zikasimama kwenye 205.

Kijana aliomba msamaha. "Hukuambiwa, babu," mzee alimjibu, na ni kweli, kazi ya kumwambia ilikuwa yangu. Nikaandika juu ya benchi kwa wino mzito: CHUMA KISIWEKWE HAPA. Sasa naandika hivyo kwenye kila chombo, kabla sijafungua kisanduku cha vifaa.

Tulipokaribia Msambweni mshipi ulilia. Nguru, mkubwa. Mzee alibonyeza kitufe, akaangalia skrini, akaangalia dira ya maji, akasikiliza wimbi kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Ndipo akauacha usukani, akaushika mshipi kwa mikono yote miwili.