Mama Anataka Kwenda Saanane

Nilipokuwa mtoto Rubafu, huko Bukoba, mtu hakusafiri bila sababu inayotamkika mbele ya wazee. Ulisafiri kwenda kuzika, kwenda harusini, kumpeleka mgonjwa hospitali au kurudi shule ya bweni. Baba ndiye aliyepanga yote, na hakupanga kabla kahawa haijauzwa chama cha msingi: nani aende, nani abaki na kibanja, mkungu upi ukatwe kwa ajili ya wenyeji wetu. Sisi watoto tulijua safari imefika siku tuliponyolewa nywele.

Kutembea kwa kutembea tu hakukuwapo. Furaha ilipita mlango wa nyuma, ndani ya shughuli nyingine. Hivyo ndivyo nilivyofika kisiwa cha Saanane mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 80, tulipokwenda Mwanza kwenye harusi ya shangazi. Tulipanda meli ya MV Victoria pale Bukoba, tukalala daraja la tatu katikati ya mikungu ya ndizi, na asubuhi tukayaona mawe ya Mwanza yamebebana majini. Harusi ilipokwisha, Baba akatuvusha kwa boti hadi kisiwani. Kisiwa kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mwenyeji wa pale kabla Serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza Tanzania. Namkumbuka Mama akiwa na mdogo wangu mgongoni, amesimama mbele ya banda la simba, haondoki. Alikuwa amesimuliwa simba tangu utotoni na hakuwahi kumwona. Baba alimwita, akamwita tena, kisha naye akarudi akasimama kando yake.

Halafu ikaja Mei 21, 1996. Meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na Rais Mkapa akatangaza siku 3 za maombolezo. Huku kwetu Bukoba na Muleba ilikuwa vigumu kukuta kijiji ambacho hakikuweka matanga. Mjomba wangu, kaka yake Mama waliyefuatana kuzaliwa, alikuwa humo. Hatukupata mwili. Mama akaacha kukanyaga meli, na hakuna aliyemwambia akanyage.

Ikabaki barabara, nayo ilikuwa na mambo yake. Mabasi yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwenye mapori ya Biharamulo kwa sababu ya majambazi. Mengine ya Dar es Salaam yalizunguka Kampala na Nairobi, ukagongewa mihuri ya nchi mbili ili ufike mji wa nchi yako mwenyewe. Nani angempandisha bibi na kichanga katika safari ya namna hiyo? Kwa miaka mingi familia yetu ilikutana yote msibani tu. Wajukuu wengine walimjua bibi yao akiwa amevaa kanga za matanga.

Lami ilipokuja, na baada yake simu, upangaji ukahama mikono. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mchango hauhitaji tena mtu wa kuubeba kwenye bahasha. Sasa vijana wetu wana kundi lao la WhatsApp, wana mweka hazina, wana ratiba. Nawasifu kwa hilo: wao ndio waliothubutu kusema familia inaweza kusafiri pamoja bila jeneza. Kwanza walipendekeza Kunduchi, Dar es Salaam, kwenye mabwawa na mabomba ya kuteleza ya Wet 'n' Wild. Binti wa dada yangu aliyeko Marekani akaongeza habari za Disney ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971. Katika maelezo yake kuna jambo lililonigusa kuliko majumba yote ya mle: mzazi mmoja hubaki na mtoto mdogo wakati mwenzake anapanda mchezo, kisha wanabadilishana bila wa pili kupanga foleni upya.

Lakini nilipoisoma ile ratiba, mbele ya jina la Mama palikuwa pameandikwa: "Bibi atabaki na dada wa kazi." Palepale moyo uliniuma. Hakuna aliyemuuliza. Walikuwa wamemhurumia magoti yake, na huruma hiyo ikamfungia nyumbani.

Nikampigia, nikaweka sauti ya juu wote wasikie. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Amefariki nani?" Tukamwambia hakuna, tunataka kutembea tu. Akakaa kimya kidogo. "Basi nipelekeni Saanane," akasema. "Na twende kwa meli. Nataka kupita pale alipobaki kaka yangu."

MV Victoria ilikuwa imerudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Vijana wakafuta ratiba, wakaanza upya kwa magoti ya Bibi. Vyumba vya melini vikachukuliwa karibu na choo. Dawa za presha zikapewa mtunzaji. Mwanza tukapanga kupumzika siku nzima kabla ya kuvuka, na kuvuka kuwe asubuhi, jua halijawa kali. Wakaweka zamu za kukaa naye, ule utaratibu wa Disney, ili kila mtu apande majabali kwa nafasi yake.

Alfajiri, kabla ya kufika Mwanza, Mama alitoka nje na rozari yake. Alilitaja jina la kaka yake, kisha akataka wajukuu walitamke mmoja mmoja mpaka wote walijue.

Saanane ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ndogo sana, kilomita za mraba 2 na kidogo ukihesabu na maji. Kwa watu wa umri wake udogo huo ni neema. Alikaa kivulini anatafuna kahawa yetu ya Bukoba, pimbi wanaota jua juu ya mawe mbele yake, swala pala wanapita. Zamu zikavurugika: vitukuu hawakutaka kumwacha, kwa sababu alikuwa anawasimulia yule simba aliyesimama kumtazama na babu yao.

Kunduchi tutakwenda mwakani, na Mama ameshasema naye anakwenda. Wewe unayepanga safari ya Desemba na ndugu zako, mpigie mzee wenu leo, kabla hamjakata tiketi, umuulize anataka kwenda wapi.